Sahihi ya Girar Ber, na Mgeni Aliyefika Kabla ya Mwaka Wake

Acheni mlifanyalo! Aliye na kikombe akiweke chini, aliye na sindano aichomeke kwenye kola, na aliyesinzia mwamsheni kwa kiwiko, maana leo sisimulii habari za mvua wala bei ya vitunguu. Leo nasimulia siku ambayo mji wa Girar Ber, mji wa barabara moja, hoteli mbili na mbwa wasio na idadi, ulisimama uso kwa uso na maangamizi, ukaokolewa kwa kalamu ya wino wa buluu. Wako wanaojisifu kwa vita vya mikuki na bunduki, na heshima yao nawapa. Lakini mimi nilishuhudia vita vya daftari, na nawaapia kwamba wa mkuki ana nafuu, kwani yeye angalau hujua amechomwa wapi.

Msiniulize nimejuaje. Mimi ni Shebwana bin Kombo, fundi cherehani, mzaliwa wa Pangani. Lori lililonileta Uhabeshi liliharibika gia kwenye mteremko wa Girar Ber miaka ishirini na sita iliyopita, dereva akaenda kutafuta spea, na mpaka leo sijamwona. Nikaazima cherehani, nikaoa, nikamzika mkwe, nikaizoea baridi, na watu wakaniita Gashe Shebwana, yaani kaka mkubwa Shebwana. Kibanda changu kinatazamana mlango kwa mlango na Ofisi ya Utalii, kwa hiyo niliyoyaona sikuhadithiwa.

Ee kikombe cha tatu cha kahawa, wewe mwepesi kuliko wenzako wawili, wewe uitwaye Baraka, ambaye mtu akiondoka kabla yako hupewa jicho na mwenye nyumba mpaka mwakani! Nilegeze ulimi, unikumbushe majina, na unizuie nisitukane kabla ya wakati wake.

Palikuwa na shujaa, jina lake Ato Gizachew, yaani Bwana Gizachew, Mkuu wa Utalii, Mlinzi wa Jiwe, Mwenye Tai Moja. Jiwe lenyewe liko nyuma ya soko, kimo chake ni cha mbuzi aliyelala, na kibao chasema hapo ndipo nyumbu wa mfalme alipojikwaa. Mfalme gani? Kibao hakisemi. Nyumbu aliumia? Msitafute ugomvi. Hilo jiwe ndilo hazina yote ya utalii ya Girar Ber, na kwa ajili yake serikali ilijenga ofisi ya chumba kimoja, ikaleta meza, mhuri na Daftari Kuu la Wageni, daftari jeusi lenye kingo nyekundu, zito la kumvunja mtu mguu. Miaka sita Ato Gizachew alilikalia daftari lile, na katika miaka hiyo sita halikupata jina hata moja. Mabasi husimama Girar Ber nusu saa, watu hula, hukojoa, huondoka. Kila basi likisimama shujaa alitoka kwa tai yake kwenda kupambana, na kila basi likiondoka alirudi peke yake akipangusa matope viatuni.

Jeshi lake lilikuwa la mtu mmoja, Etete Yeshimebet. Etete ni heshima ya dada mkubwa, na kweli alikuwa dada wa mtaa mzima. Alikuwa mfagiaji, mlinzi, mpika kahawa na mshika ufunguo wa choo. Hapo nataka msikilize vizuri. Nyuma ya ofisi kulikuwa na choo cha wageni, mlango mweupe, ndoo mbili za maji, sabuni kwenye kifuu, na sakafu ambayo mimi, kama si haya, ningekatia nguo juu yake. Miaka kumi na moja, tangu kabla Ato Gizachew hajaletwa, mama yule alikisugua kila asubuhi kwa ajili ya wageni wasiokuja, na hakuna mtu wa mji aliyeruhusiwa kukikaribia, hata Ato Gizachew mwenyewe, ambaye alikwenda nyumbani kwake kwa mbio mara mbili kwa siku.

Nikamuuliza siku moja, "Etete, unamsugulia nani?"

"Mgeni."

"Mgeni yupi? Tangu nizeeke hapa sijamwona."

"Basi siku akija atajua tumelelewa," akasema, akaendelea kusugua.

Sasa sikieni mashaka yalivyoanza. Makao makuu ya mkoa yalikuwa na mkaguzi, Ato Mulat, Simba wa Mafaili, Mwenye Kalamu Tatu Mfukoni, mtu ambaye akikusalimia unajihisi umekosea mahali. Ndiye aliyeandika kwa mkono wake, juu ya jalada la kila daftari la serikali mkoani, maneno haya: TAREHE ZIWE ZA KWETU. HAKUNA KUFUTA, HAKUNA KUKWANGUA, HAKUNA KUANDIKA JUU YA MAANDIKO. DAFTARI LA SERIKALI HALISEMI UONGO. Mtu huyo alileta barua kwamba ofisi yoyote ya utalii ambayo mwaka utaisha bila mgeni hata mmoja itafungwa, na yeye mwenyewe atakuja Girar Ber kukagua siku ya mwisho kabisa, Pagume tano, saa tisa alasiri. Pagume ndio mwezi wa kumi na tatu wa huku, kitindamimba wa miezi, una siku tano tu na wakati mwingine sita. Ukishaisha huo, mwaka mpya umeingia na hesabu imefungwa.

Barua ilisomwa mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili. Ato Gizachew aliambiwa kwamba ofisi ikifungwa atahamishiwa nyanda za joto akahesabu ngamia. Mkewe, Zenebech, mwanamke asiyepoteza maneno, alimjibu mezani, "Nenda. Nisalimie ngamia." Lakini Ato Gizachew ni mwajiriwa wa kalamu, popote atakapotupwa mshahara utamfuata. Mfagiaji hahamishwi. Mfagiaji huachwa.

Etete Yeshimebet alikuja kibandani kwangu akaketi kwenye gunia la vitambaa, na huyo si mtu wa kuketi mchana.

"Gashe Shebwana, nina miaka hamsini na miwili. Nimebakiza miaka saba na miezi minane nifike sitini, nipate pensheni. Mwezi wa nane, mwaka 2018, nimeuandika ukutani kwangu kwa mkaa. Wakifunga leo, napewa mkono na barua ya asante."

"Utafanya nini?"

"Kuni. Nilizibeba ujanani, kutoka mlimani mpaka soko. Mgongo huu hauzitaki tena." Akajishika kiuno. "Mgeni mmoja tu, Gashe. Mmoja! Dunia nzima imekosa mtu mmoja wa kuja kutazama jiwe?"

Nikajidai natafuta uzi. Siku zikapita kama zinavyopita siku za mtu mwenye deni la siku, wiki nne, tatu, mbili, mpaka kikabaki kipande cha mchana mmoja.

Ilikuwa Pagume tano, mwaka 2010. Nyinyi huko kwenu mlikuwa mnaandika 2018, maana saa wenzetu hawa wanahesabu sawasawa na sisi Waswahili, lakini miaka wako nyuma kwa minane. Mimi nilipovuka mpaka nilipungua umri palepale, na sikulalamika. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika, matope yamefika kwenye vifundo, na saa sita juu ya alama basi la kaskazini likaingia likipiga honi. Wakashuka wachuuzi, wakashuka mapadri wawili, akashuka mtu na jogoo wake wa sikukuu. Kisha mlango ukasita, na akashuka mwanamke wa makamo, mweupe, nywele za mvi zimekatwa fupi, koti la mvua la kijani, begi mgongoni, na miwani imefungwa kamba shingoni.

Wallahi, hata mbwa walinyamaza.

Ato Gizachew alikaza tai mpaka macho yakamtoka. Akavuka barabara, matope yakimrukia, mkono mmoja kifuani, na akasimama mbele ya yule mama akatoa hotuba aliyoifanyia mazoezi miaka sita mbele ya kabati. Walisemezana kwa Kiingereza cha kuokoteza, ambacho mimi nimekishona upya ili mkivae bila aibu.

"Salamu, ewe binti wa nchi za mbali, uliyevuka bahari na majangwa, ukaziacha fahari za miji mikubwa, ukaitika wito wa Girar Ber! Jiwe lilikuwa linakungoja! Vizazi na vizazi vimepita juu ya—"

"Samahani," akasema yule mama, "choo kiko wapi?"

"—juu ya ardhi hii takatifu, ambapo nyumbu wa mfalme, katika mwaka usiojulikana—"

"Choo, bwana. Choo!"

Lakini shujaa aliye katikati ya hotuba hasikii. Mama akamzunguka, akaingia hotelini. Huko ndani akaangukia jeshi jingine kabisa, kwani huku mtu hapiti karibu na sinia bila kuitwa. "Njoo tule! Njoo tule!" Mapadri wakasogea, mchuuzi akampisha kigoda, na kabla hajafungua mdomo aeleze shida yake, mwanamke mmoja mnene asiyemjua alikuwa amekunja tonge la injera na kitoweo, kubwa kama ngumi ya mtoto, akamsukumia kinywani kwa mkono wake mwenyewe, kama ilivyo heshima ya huku. Alipomeza, akasukumiwa la pili, kwani tonge moja huleta ugomvi. Alikuwa ameanza kuinua mkono wa kukataa la tatu. Nilimwona dirishani macho yakimtoka machozi, na watu wakifurahi kwamba mgeni ameguswa.

Akaponyoka kwa mlango wa nyuma. Nyuma ya hoteli kuna choo cha hoteli, na hapo sitasema neno. Alitoka upesi kuliko alivyoingia, uso umembadilika rangi, akasimama katikati ya barabara akishika ukingo wa koti, na Ato Gizachew akamjia tena akiwa na aya ya pili ya hotuba. Nikajua tumekwisha. Mama yule angepanda basi lake, angejibana mpaka mji ufuatao, na Girar Ber ingekuwa historia isiyo na ofisi.

Hapo ndipo Etete Yeshimebet alipotokea mlangoni mwa ofisi, ng'ambo ya barabara, kanga... nimekosea, netela yake nyeupe mabegani. Aliinua ufunguo juu ya kichwa chake.

Wanawake wawili wasiojua lugha moja walitazamana kwa umbali wa hatua thelathini za matope, na walielewana kuliko nilivyowahi kuelewana na mke wangu. Yule mama akavuka barabara kwa mwendo ambao jeshi lolote lingeupisha. Mlango mweupe ukafunguliwa, ukafungwa. Ato Gizachew alisimama nje akitweta, daftari kifuani.

Mgeni alipotoka alikuwa mtu mwingine. Amenawa uso, amechana nywele, na anatabasamu. Akamshika Etete Yeshimebet mikono yote miwili.

"Nimesafiri nchi thelathini na nne," akasema, "na hiki ndicho choo kisafi kuliko vyote."

Ato Gizachew alitafsiri, sauti ikimtetemeka kwa wivu kwa niaba ya jiwe. Etete akainamisha kichwa, na nikamwona akijifuta jicho kwa ncha ya netela.

"Sasa, mheshimiwa," shujaa akaanza, akilifungua Daftari Kuu kwenye ukurasa wa kwanza, mweupe kama ulivyotoka dukani, "kwa jina la umma wa Girar Ber, na nyumbu, na vizazi visivyozaliwa, tafadhali tia sahihi."

"Kwa furaha kabisa." Akavaa miwani, akatoa kalamu yake mwenyewe ya wino wa buluu. Akaandika: Teresa. Akaandika nchi, Ureno. Akaandika kazi, karani wa posta, mstaafu. Shujaa alikuwa anapumua kama mtu anayesukuma gari. Kisha kalamu ikafika kwenye safu ya tarehe.

"Hapo, mama," akasema haraka, "andika Pagume tano, 2010."

"Pagume ni nini?"

"Mwezi."

"Wa ngapi?"

"Wa kumi na tatu."

Mama Teresa akavua miwani. "Bwana, nimegonga mihuri ya posta miaka thelathini na moja. Mwezi wa kumi na tatu sijawahi kuugonga."

"Hapa upo, mama. Tuko ndani yake sasa hivi!"

"Na 2010 mimi nilikuwa bado niko kazini, dirisha la pili. Leo ni tarehe kumi, mwezi wa tisa, 2018."

"Mama, nakusihi! Nina mke! Nina tai! Kule wanakotaka kunipeleka kuna ngamia elfu sita!"

"Nakuonea huruma sana," akasema yule mama, na alikuwa anamaanisha, "lakini tarehe ni tarehe. Ukianza kuidanganya hiyo, barua zote za dunia zinapotea."

Honi ya basi ikalia. Ikalia tena. Mama Teresa akainama akaandika kwa mwandiko wa serikali, safi, wa kusomeka na kipofu: 10/9/2018. Kwenye safu ya mwisho, ya maoni, akaandika: Choo safi sana. Asante. Akamkumbatia Etete Yeshimebet bega kwa bega, mara tatu, kama aliyezaliwa huku, akakimbilia basi lake, na basi likaondoka likitapakaza matope mpaka kwenye vitambaa vyangu. Hasara hiyo nimeisamehe kwa ajili ya historia.

Shujaa alibaki anatazama ukurasa. Kisha akaja kwangu, uso hauna damu.

"Gashe Shebwana, niazime wembe."

Etete alikuwa nyuma yake. "Wembe wa nini?"

"Nakwangua tarehe. Kidogo tu. Naandika Pagume juu yake."

"Ukikwangua tu daftari limekufa. Umesahau jalada limesemaje? Unataka ufukuzwe pia?"

"Sasa nifanyeje, Etete? Miaka sita! Mgeni mmoja, Mungu kaniletea, na kaandika mwaka ambao haujafika!" Akarudi ofisini, akaketi chini kwenye majani mabichi ambayo Etete alikuwa ameyatandaza kwa ajili ya kahawa ya mgeni, suti na yote, akalia waziwazi. Etete hakumkaripia. Aliwasha makaa akaanza kukaanga kahawa, kwa sababu ni saa nane, na mkaguzi naye ni mgeni.

Saa tisa kamili gari la serikali likasimama. Akashuka Simba wa Mafaili, kalamu tatu zinang'aa. Neno lake la kwanza hakulielekeza kwa ofisi, alilielekeza kwangu.

"Fundi, unayo futi? Njoo unishikie upande mmoja."

Nikaingia naye. Na tukaanza kupima, chumba kizima, ukuta kwa ukuta, huku Ato Gizachew amesimama wima kama mwanafunzi. Mji mzima ulijua kwa nini. Shemeji wa mkaguzi ni mfanyabiashara wa mbolea, na stoo yake inavuja. Watu walikuwa wameshajaa dirishani, mwenye hoteli, yule mwanamke mnene wa matonge, mapadri wa mji, hata dereva wa mkaguzi.

"Mita nne na nusu," akasema Ato Mulat kwa furaha, akaandika kiganjani. "Haya. Nileteeni hilo daftari tumalize."

Akalifungua. Nyusi zikapanda. Alisoma mara moja, akasoma mara mbili, na nikaona anatabasamu upande mmoja wa mdomo.

"Teresa. Ureno. Hm! Sababu ya ziara, choo." Watu dirishani wakacheka, Etete hakucheka. "Lakini Ato Gizachew, hii ni nini? Mwezi wa tisa, tarehe kumi, mwaka 2018. Leo ni Pagume tano, 2010."

"Mheshimiwa, ni tarehe za kwao! Amekuja leo! Mji mzima umemwona, amelishwa matonge mawili—"

"Mawili na nusu," akasema yule mwanamke dirishani.

"Sikuuliza mji," akasema mkaguzi. "Mimi nauliza daftari. Jalada linasema tarehe ni za kwetu. Kwa hesabu ya kwetu, hii ni tarehe kumi Ginbot, mwezi wetu wa tisa, 2018. Mwaka huu wa 2010, katika ofisi hii, hakuna mgeni. Nafunga."

Akachomoa kalamu. Nawaambieni kweli, nilikuwa nimeishika ile futi nikatamani kumfunga nayo shingoni. Anajua! Kila karani wa Uhabeshi anazijua hesabu zote mbili kama viganja vyake. Alijua mgeni amekuja, alijua lini, na alikuwa anafunga kwa sababu ya magunia ya mbolea.

Sauti ikatoka pale chini penye makaa.

"Samahani, Ato Mulat." Etete Yeshimebet alikuwa anamimina kahawa, hata hakuinua macho. "Mimi ni mfagiaji, kusoma kwangu kidogo. Nataka nielewe tu. Huyo mgeni hajaja?"

"Hajaja."

"Atakuja lini?"

"Kwa mujibu wa daftari, tarehe kumi Ginbot, 2018."

"Labda daftari linadanganya."

Mkaguzi akavimba kama chapati. "Mama! Daftari la serikali halisemi uongo! Nimeyaandika maneno hayo mimi mwenyewe, yapo kwenye jalada, wote mnasikia?"

"Tunasikia," wakajibu watu wa dirishani.

"Haya. Basi atakuja." Akamwekea kikombe mbele yake kwa mikono miwili. "Kasaini kabisa. Kasema na choo kitakuwa safi, na kashukuru. Sasa mkifunga ofisi leo, siku akija atapokelewa na nani? Na choo atafunguliwa na nani? Au mnataka aje akute mbolea?"

Kalamu ya mkaguzi ilikuwa hewani. Nilimwona anatafuta mlango ndani ya kichwa chake mwenyewe, anapapasa ukuta huu, anapapasa ule, na kila mlango anaukuta yeye mwenyewe ameshaupiga misumari. Kusema daftari limekosea hawezi. Kusema mgeni ameshakuja hawezi, maana hapo ofisi imepata mgeni wa mwaka na haifungwi. Dereva wake alikuwa ameshaanza kujiziba mdomo kwa kofia.

Akanywa kahawa yote. Akapewa ya pili akainywa. Akapewa ya tatu, akainywa pia, kwani hata simba hathubutu kuondoka kabla ya Baraka. Kisha, kwa mwandiko mdogo kabisa, akaandika chini ya ukurasa: Mgeni mmoja, anatarajiwa. Ofisi iendelee kuwa wazi mpaka atakapowasili. Akapiga mhuri.

Girar Ber ililipuka! Vigelegele vilivyopigwa siku ile vilisikika mpaka bondeni, mapadri walipiga kengele kabla ya saa yake, na mwenye hoteli, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alitoa soda bure. Wakambeba Ato Gizachew mabegani kuzunguka jiwe mara saba. Mwaka uliofuata kibao kikapakwa rangi upya, na chini ya nyumbu wa mfalme kukaongezwa: Hapa pia ndipo Ato Gizachew alipoushinda mkoa kwa hoja. Kwa hoja ya nani, nyinyi mmesikia. Nilikwenda nikamwambia, akaona haya, akasema rangi imekwisha. Makao makuu nayo, yalipoona kuna mgeni anayetarajiwa, yalileta Kamati ya Mapokezi, watu tisa wenye posho, na mwenyekiti wake akawa Ato Mulat.

Etete Yeshimebet hakubebwa na mtu. Jioni ile alifunga choo, akapita kibandani kwangu, akahesabu kwa vidole, Ginbot ni mwezi wa tisa, na wa kwangu ni wa nane. "Umenipitisha, Teresa," akasema peke yake. "Umenipitisha kwa mwezi mmoja." Akacheka mpaka akashika ubavu.

Akasugua miaka saba na miezi saba mingine. Mwezi wa nane wa mwaka huu, 2018 wa huku, alikabidhi ufunguo kwa kamati, akapata pensheni yake yote, na sasa huja kuketi kwenye gunia langu la vitambaa mchana kweupe bila haraka na mtu.

Na tarehe kumi Ginbot ilifika, kama ilivyoandikwa. Kamati yote ilijipanga barabarani na tepe mabegani, kondoo wawili wamechinjwa, Ato Gizachew na tai ileile. Basi la saa sita likaja, watu wakala, wakaondoka. Hakushuka Mreno wala jamaa yake. Kamati ikangoja mpaka saa tisa, ikatazamana, ikala kondoo. Kisha, kwa kuwa daftari la serikali halisemi uongo, Ato Mulat akaandika kwamba mgeni amewasili, ameliona jiwe, na amefurahi sana.

Hiyo ndiyo fahari ya Girar Ber, nami nimeisema kwa wino uleule. Jioni nilimkuta Etete amesimama nyuma ya ofisi, pembeni ya ule mlango mweupe, netela imefungwa kiunoni na ndoo mkononi.

"Etete, wewe si umestaafu?"

"Nimestaafu ndiyo." Akavuta pumzi, akageuza uso. "Mgeni mwenyewe hakuja, Gashe. Lakini hebu chungulia humu ndani uone walivyokifanya, watu tisa tu!"